Tangi linalomjibu baba: nilivyosoma namba za Arduino ndani ya Pure Data

Baba yangu alipiga udi kwenye taarab hapa Unguja kwa zaidi ya miaka thelathini. Macho yamemzimikia sasa, lakini ukigonga gilasi mbili atakuambia ipi iko juu na kwa kiasi gani. Kilichokuwa kikimuudhi ni tangi la maji. Mtaani kwetu maji hutoka usiku, tena si kila usiku, na kila asubuhi ilimbidi aulize: "Tangi lina maji?" Alimuuliza kila mtu, mpaka wajukuu. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, kuulizia maji ndani ya nyumba yangu kama mgeni kumenichosha." Basi nikaazimia tangi limjibu lenyewe, na limjibu kwa sauti.

Niliowaomba ushauri karibu wote walinielekeza kwenye skrini: namba kubwa, kijani likijaa, nyekundu likiisha. Nikiwaambia mzee haoni, wananijibu, "Basi atasomewa." Hilo lilinikera kwelikweli, kwa sababu kusomewa ndiko alikokuwa anakukimbia.

Nikachagua Pure Data, ambayo wengi tunaiita Pd. Ni programu ya bure, na huandiki mistari ya maneno: unaweka visanduku kwenye ukurasa mweupe, unaviunganisha kwa nyaya, na namba zinateremka kutoka juu kwenda chini. Aliyeitunga, Miller Puckette, ndiye aliyeanzisha Max, programu ya muziki ya visanduku kama hii, kule IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki cha Paris, miaka ya 1980. Pd ikafuata mwaka 1996. Imezaliwa kwa ajili ya muziki, kwa hiyo kutoa sauti ndani yake ni visanduku vitatu tu. Nilidhani kazi yangu nzima itakuwa hiyo sauti. Kumbe kazi ilikuwa kuiingiza namba.

Vifaa havina hadithi ndefu. Bodi, yaani kompyuta ndogo inayosoma sensa na kutuma namba kwa USB, ni nakala ya Arduino Uno; niliinunua Sh 20,000 na kitu. Sensa ya kwanza ilikuwa HC-SR04, ile yenye macho mawili, inayopiga mlio usiosikika na kungoja mwangwi urudi. Mvuke wa ndani ya tangi uliimaliza kabla mwezi haujaisha. Ukitaka kupima maji nunua JSN-SR04T, ambayo kichwa chake kimezibwa kisipenye maji. Mimi niliipata kwa Sh 15,000 hivi, na nadhani bei inategemea muuzaji ameamkaje. Ila ujue kuwa kitu kilicho karibu yake chini ya sentimita 20 hadi 25 haikisomi sawasawa. Tangi langu la lita 1,000 likijaa, maji husimama milimita 250 chini ya kichwa cha sensa, na likiisha ni milimita 1,300. Shika namba hizo mbili, nitazirudia. Na chini ya mfuniko mweusi juani, usitumie mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde ulioandikwa kila mahali. Huo ni wa nyuzi 20. Nyuzi 30 sauti inakwenda karibu mita 349, na kwa tangi langu tofauti hiyo ni ndoo nzima ya maji.

Bodi nikaichomeka kwenye laptop kuukuu yenye Ubuntu 22.04. Hapo palinila siku mbili. Pd yenyewe haisomi poti ya USB. Unatafuta nyongeza iitwayo comport humohumo ndani ya Pd, inapakuliwa, kisha unaandika jina lake kwenye kisanduku. Nikaituma ujumbe wa devices inionyeshe poti zilizopo. Hakuna. Nikabadilisha waya, maana nyaya nyingi za simu ni za kuchajia tu, hazipitishi data. Hakuna. Nikafungua dmesg, kumbukumbu ya kompyuta inayoonyesha vifaa vinavyochomekwa, nikachomoa waya na kuuchomeka tena huku nikitazama: ttyUSB0 inaonekana, na kabla sijapepesa jicho, imekatwa. Na kwenye mstari wa kukatwa kuna neno sijapata kuliona: brltty.

Nikalitafuta neno hilo. Brltty ni programu inayoendesha vifaa vya Braille, vile vyenye vitone vinavyopanda na kushuka ili asiyeona asome kompyuta kwa vidole. Bodi yangu ina chipu ya CH340 yenye namba ya utambulisho 1a86:7523, na kuna kifaa cha Braille kinachotumia namba hiyohiyo. Kompyuta ikiiona bodi inadhani mwenye kusoma kwa vidole amefika, inaikabidhi kwa brltty. Nilikaa kimya nikaitazama ile skrini. Programu iliyonizuia ilikuwa inamtafuta mtu kama baba.

Wengi wanashauri uifute. Mimi sikuifuta. Baba hana kifaa cha Braille leo, lakini sikutaka laptop ile imfungie mlango kesho. Nilifungua faili la 85-brltty.rules, nikautafuta mstari wenye namba hiyo, nikaweka alama ya # mbele yake, nikawasha upya. ttyUSB0 ikakaa. Ukikuta poti ipo lakini inakataa kufunguka, jiingize kwenye kundi la dialout, la watumiaji wanaoruhusiwa kuifungua, kisha utoke kwenye akaunti na kuingia tena. Watu husahau huko kutoka na kuingia, wakadhani dawa haifanyi kazi. Na funga dirisha la Serial Monitor la Arduino, poti haigawanwi.

Sasa namba zenyewe. Kijana mmoja fundi, mwenye nia njema, aliniambia: "Dada, wewe tuma kwa Serial.write, Pd inapokea moja kwa moja, achana na mahesabu." Nikaiandika amri hiyo kwenye bodi. Usiku ule maji yalikuwa yametoka, tangi limejaa. Nikaunganisha sauti, ikatoka ya juu kabisa, safi. Nikamwita baba akasikiliza, akacheka kwa furaha. Asubuhi akasikiliza tena: limejaa. Akawaambia wote ndani, "Fueni, maji yapo." Wakafua mashuka, mapazia, mazulia ya ukumbini. Mchana baba akasikiliza: limejaa. Alasiri akaenda kutia udhu, bomba likatoa upepo. Akarudi kwenye laptop akasikiliza mara ya tatu, na tangi bado linamwambia limejaa.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Hili linasema uongo kwa sauti nzuri." Neno hilo liliniuma kuliko lawama.

Nikapanda juu ya tangi na futi: milimita 1,290. Nikashuka nikaangalia Pd: 10. Hapo ndipo nilipoelewa. Serial.write inatuma baiti moja, na baiti moja haibebi zaidi ya 255. Ikifika 256 inaanza tena sifuri. Katika 1,290 kuna 256 mara tano, yaani 1,280, zinatupwa; inabaki 10. Kwa hiyo namba yoyote iliyofika Pd ilikuwa kati ya 0 na 255, na kwenye mahesabu yangu zote hizo ni tangi lililojaa au karibu sana na kujaa. Ushauri ule unafaa kama unapima kwa sentimita. Mimi nilitaka milimita, na sikuulizwa.

Nikabadilisha kuwa Serial.println, inayotuma namba kama maandishi. Pd ikanimwagia mfululizo huu:

56 52 55 13 10 56 52 55 13 10 56 52 54 13 10

Usiifunge programu hapo ukadhani bodi imeharibika. Itazame. Kila baada ya namba tatu kuna 13 na 10, bila kukosa. Hizo ni alama za kumaliza mstari. Zilizobaki ni tarakimu zilizovaa namba za ASCII, orodha inayoipa kila herufi na alama namba yake, ambamo 0 ni 48, 1 ni 49, hadi 9 ambayo ni 57. Toa 48 kila moja: 56 inakuwa 8, 52 inakuwa 4, 55 inakuwa 7. Maji yako milimita 847. Nilipoiona 847 nikapanda tena juu ya tangi na futi yangu, usiku, kwa tochi ya simu. Ilikuwa 850 kasoro kidogo. Nilibaki pale juu kwa muda, sikutaka kushuka.

Kuzikusanya tarakimu ziwe namba moja kunataka visanduku vichache. Kisanduku cha sel 10 13 kinatenga zile alama mbili. Zinazobaki zinapita kwenye kutoa 48, kisha kwenye expr, kisanduku cha hesabu, inayochukua ilichokuwa nacho, inazidisha kwa 10, inaongeza tarakimu mpya. Ilikuwa 8, ikaja 4, ikawa 84, ikaja 7, ikawa 847. Ikifika 10, namba inatolewa na mahali pake panarudishwa sifuri. Alama ya 13 haiunganishwi popote.

Kuna mitego miwili, na yote ilininasa. Wa kwanza ni desimali. Badala ya milimita nilijaribu kutuma sentimita zenye nukta, 84.7. Nukta kwenye ASCII ni 46. Toa 48 unapata hasi 2. Fuata hesabu: 84 mara 10 ni 840, toa 2 ni 838, mara 10 ongeza 7 ni 8387. Tangi la kimo cha mtoto likanisomea mita themanini na ushei. Tuma namba nzima tu.

Wa pili ni mpangilio. Nilizivuta nyaya mbili, moja ya kutoa namba na nyingine ya kufuta, nikazichora kushoto kwenda kulia kama ninavyosoma. Nikapata 0, 0, 0, tangu isha mpaka karibu na alfajiri. Nyaya hizo zilitoka kwenye kisanduku cha trigger, kinachogawa ujumbe mmoja kwa zamu, nacho katika Pd hufyatua kulia kwanza, ndipo kushoto. Kwa hiyo mahali palifutwa kabla namba haijatoka. Nilibadilishana nyaya mbili, kazi ya sekunde tano, na 847 ikarudi. Siku hizi kitu chochote ninachotaka kitangulie nakiweka kulia, na wala sitegemei nilianza kuvuta waya upi.

Ile namba ya kwanza baada ya kufungua poti itupe. Uno hujiwasha upya poti inapofunguliwa, na mstari wa kwanza huweza kuja nusu. Mimi nasubiri sekunde mbili.

Kisha sauti. Milimita 1,300 nikaipa noti namba 57 katika hesabu ya MIDI, ambamo kila namba ni nusu sauti moja; hiyo ni hezi 220. Milimita 250 nikaipa 69, hezi 440, ambayo ni sauti ileile kwa juu. Kisanduku cha mtof ndicho kinachogeuza noti kuwa hezi, na kinakubali noti yenye sehemu. Hapo katikati ni nusu sauti kumi na mbili. Mara ya kwanza niliacha mlio uendelee muda wote. Baba akavumilia siku moja, akaomba uzimwe. Nikaweka mwambaa wa nafasi, kitufe kirefu ambacho vidole vyake vinakipata bila kutafuta. Akikibonyeza, Pd inapiga kwanza sauti ya tangi lililojaa, inatulia, kisha inapiga sauti ya tangi lilivyo sasa. Wazo la sauti mbili lilikuwa lake. "Mwanangu," alisema, "sauti moja haina maana mpaka uipe mwenzake. Udi hatuutii sauti kwa waya mmoja."

Kisha akaanza kunisomea tangi. Ndoo moja ya lita 20 inashusha maji kama milimita 21, na ndoo mbili karibu sana na robo sauti. Ni ileile robo sauti ya maqam, ngazi za sauti za Kiarabu, za Bayati na Rasti aliyoishi nayo ujana wake wote. Mimi siisikii. Nikiisikiliza mara mbili kabla na baada, kwangu ni sauti moja. Yeye alibonyeza, akainua kichwa, akasema, "Kuna mtu amechota mbili." Nikatoka uani. Mdogo wangu alikuwa anaosha pikipiki, na ndoo mbili ziko pembeni yake.

Juzi maji yametoka saa nane usiku. Niliamka kwa mlio kutoka ukumbini, sauti mbili, kisha kimya, kisha mbili tena. Nikamkuta amekaa gizani mbele ya laptop, kidole juu ya kitufe. Nikamuuliza nifunge bomba.

"Bado," akasema. "Imebaki robo."