Chai Kwanza, Husuni Baadaye: Asubuhi Moja Kilwa Kisiwani

Ziara ya Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale kusini mwa pwani ya Tanzania, hupangwa na bahari. Siku tuliyokwenda ilikuwa ya bamvua, na mwongozaji wetu alishatuonya tangu jana yake: kwenye saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekupwa kabisa, kwa hiyo ama tuvuke alfajiri wakati mashua bado inaweza kusogea karibu na ufuko, ama tushuke mbali tukanyage tope na viatu mkononi. Tukiwahi, tutanywa chai kijijini, tutazunguka Msikiti Mkuu, halafu bahari ikishajitoa tutafuata pwani kwa miguu hadi kasri la Husuni Kubwa. Saa saba tuwe tumerudi Kilwa Masoko, ng'ambo ya bara. Kibali tulikuwa tumeshakilipia ofisini, na bei ya mashua ilikuwa imeshabishaniwa vya kutosha.

Abiria tulikuwa mimi mtu wa Tanga, mume na mke wa Dodoma waliokuwa wakitoka harusini Lindi wakaona haya kupita Nangurukuru, njia panda ya kuja Kilwa, bila kukata kona, na kijana wa chuo kutoka Mombasa aliyekuja na daftari. Mwongozaji ni mzaliwa wa kisiwani. Nahodha alizungumza mara chache, na kila alipozungumza ilikuwa kumwambia yule kijana akae.

Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani hauzidi sana kilomita 2, lakini una kina kirefu na umekingwa dhidi ya mawimbi. Bandari hiyo ndiyo iliyoilea Kilwa. Mwongozaji alitueleza hesabu ya pepo tukiwa katikati ya maji, akipaza sauti juu ya mashine: chombo kilichotoka Arabuni au Ghuba ya Uajemi kiliweza kusukumwa na kaskazi hadi hapa, kikauza na kununua, kikarudi na kusi katika mwaka uleule. Aliyetaka kwenda mbele zaidi, hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, kwenye dhahabu, alijitia katika hatari ya kukosa upepo wa kurudia. Basi watu wa Kilwa wakaifuata dhahabu wenyewe, wakaileta hapa, na kila aliyeitaka akalipa ushuru. "Sisi tulikuwa Nangurukuru ya bahari," alisema, na yule baba wa Dodoma akacheka kwa sauti, kwa sababu jana yake alikuwa ameuziwa korosho pale kituoni kwa bei ya kumtia mtu uchungu.

Tulipiga hodi kwenye nyumba ya shangazi yake mwongozaji. Nyumba ya fito na udongo, paa la makuti, baraza mbele, uani banda la jiko. Bibi alikuwa ameshaamka zamani, maana moshi ulitupokea kabla yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmevuka salama? Haya, karibuni, piteni uani, humu ndani kuna giza."

Nilidhani tutakaribishwa mkekani tuletewe vyombo, tule, tuondoke. Bibi alikuwa na mpango mwingine. Mchele alikuwa ameuloweka usiku na kuutwanga, unga umeshaumuka na iliki yake, lakini tui la mihogo lilikuwa bado liko ndani ya nazi. Mama wa Dodoma akapewa mbuzi. Akaikalia, akazungusha kifuu mara mbili tatu, bibi akamtazama, akamwambia kwa upole kuwa anakuna mpaka ganda, tui litakuwa jeusi. Kazi ikahamia kwangu. Sisi wa Tanga nazi tumezaliwa nayo, na nilikuna kwa majivuno ambayo sikuyaficha. Chicha likakamuliwa kwenye kifumbu, tui la kwanza likawekwa pembeni, la pili likatangulia kwenye mihogo.

Vitumbua vilichomwa mbele yetu, kwenye kile chuma chenye vishimo, mafuta kidogo kila kishimo, na bibi akivigeuza kwa kijiti bila kuangalia huku anazungumza. Changu wa kukaanga walikuwa wameshaiva, wamefunikwa kawa. Chai ya mchaichai, sukari nyingi kuliko ninavyoruhusiwa. Mihogo ilipotiwa tui zito mwishoni na pilipili moja nzima juu yake, hakuna aliyesema neno kwa muda. Nimekula kifungua kinywa kwenye hoteli zenye meza ndefu za vyakula vya aina kumi na kitu, na sikumbuki hata kimoja. Ile mihogo naikumbuka.

Bibi ndiye aliyeanza historia, hatukumwomba. Alitusimulia namna Ali bin al-Hasan alivyofika kutoka Shirazi akakuta kisiwa kina mwenyewe, mtu wa bara, na mwenyewe huyo akakubali kukiuza kwa nguo: kitambaa kitandazwe mpaka kizunguke kisiwa chote. Kikatandazwa. Muuzaji akavuka kwenda bara, na alipofikiria kurudi na jeshi akakuta mahali palipokuwa pakivukika kwa miguu pamekuwa maji ya kina. Kisa hiki kimo katika Habari za Kilwa, zile zilizohifadhiwa kwa Kiarabu na ambazo Mreno João de Barros alizitumia katika karne ya 16, ila bibi alikuwa na nyongeza yake: mgeni yule alimwoa binti wa mwenye kisiwa. "Kisiwa kiliuzwa," alisema akigeuza kitumbua, "binti hakuuzwa, aliolewa. Ndiyo maana sisi ni wa pande zote mbili."

Wachimbuzi wa mambo ya kale wangemuunga mkono zaidi ya anavyojua. Neville Chittick, aliyechimba hapa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, alikuta makazi ya tangu karne ya 9 hivi, kabla ya huyo Ali na kitambaa chake: watu waliovua, waliofua chuma, na waliokuwa na vyungu vya kwao. Mji ulikuwapo, wageni wakauongezea.

Kijana wa Mombasa alikuwa anaandika kila kitu, na alipomaliza akauliza magofu yako umbali gani. Mwongozaji akagonga ukuta wa udongo nyuma yake. Akasema Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri kabisa, na akaandika kuwa umejengwa kwa mbao na kuezekwa kwa majani. Kuhusu mawe hakusema kitu. "Kwa hiyo mji aliousifu ni huu mnaonywea chai. Kule tunakokwenda ni nyumba za matajiri tu."

Niliona amezidisha kidogo. Msikiti wa mawe ulikuwapo tayari wakati huo, na msafiri anaweza kusahau mambo akiwa anasimulia miaka mingi baadaye. Lakini maneno yake yalinikaa kichwani asubuhi nzima, kwa sababu ni kweli kwamba jiwe hudumu na fito huoza, na sisi wageni hulipa kuona kilichodumu. Wavuvi, wafua chuma na wakamua tui wa wakati ule waliishi kwenye nyumba ambazo hazikuacha gofu. Zimeacha nyumba nyingine kama zenyewe, na moja ndiyo ile iliyokuwa na moshi.

Bibi alilipwa mkononi mwake, mbele yetu. Hilo nililipenda. Alituambia wapo wageni wanaopiga picha mlango wake, wanauliza choo kiko wapi, kisha wanarudi kula Masoko.

Msikiti Mkuu uko hatua chache tu kutoka vyamba vya watu. Mbuzi walikuwa wakijikuna kwenye ukuta wake. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11, ndogo, na haina paa. Ile ya kusini iliongezwa karne ya 14 chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ikaanguka, ikajengwa upya karne iliyofuata, na ndiyo yenye msitu wa nguzo na matao, juu yake kuba na dari zilizopinda kama pipa, za saruji ya chokaa, zinazopokezana. Vyote ni matumbawe: yaliyokatwa baharini yangali laini yakachongwa mihrabu na nakshi, yaliyokatwa nchi kavu yakawa kuta, na mengine yakachomwa kuwa chokaa ya kuyashikamanisha. Ukiinua macho unaona chapa za mbao zilizoshikilia chokaa ilipokuwa mbichi. Fundi hajulikani jina, ubao wake umebaki.

Humo ndani, kwenye ubaridi, ndimo mwongozaji alimotuketisha atuhadithie kuhusu sultani huyohuyo, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ibn Battuta anasimulia kuwa alimwona akitoka sala ya Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi chumbani, akabadilisha, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akaagiza fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Baba wa Dodoma akasema, "Mkarimu kweli huyu." Mkewe akamtazama. "Mkarimu kwa watu wa watu," akasema. Mwongozaji hakubisha. Alisema siku hizi kisa hiki hukisimulia mpaka mwisho, na watumwa wake wote ishirini, kwa kuwa wapo waongozaji wanaokiishia kwenye nguo.

Msikiti mdogo wa kuba tuliupitia haraka, ingawa ni mzuri na umesimama vizuri kuliko mkubwa. Makutani, ikulu ya karne ya 18 na boma lake lenye pembe tatu, tuliikata kati kwa kati bila kusimama. Maji yalikuwa yamekupwa na mwongozaji alikuwa akitazama pwani kuliko alivyotutazama sisi.

Njia ya Husuni Kubwa inafuata ufuko kuelekea mashariki, kando ya mikoko. Bahari ilikuwa imejitoa mbali, na wanawake wameinama kule kwenye miamba wakichokoa pweza kwa vijiti, ndoo pembeni. Mmoja alimwita mwongozaji kwa jina la utani ambalo hakukubali kutueleza.

Halafu unapanda jabali, na juu yake kuna jambo la kushangaza. Husuni Kubwa ni kasri lenye vyumba zaidi ya mia moja, la sultani yuleyule mwenye nguo. Kuna ua wa kupokelea watu, ua wenye vyumba kuuzunguka ambao unadhaniwa kuwa wa biashara na ghala, ngazi za kushukia upande wa bahari, na kwenye ukingo ambako upepo unakupiga usoni, birika la kuogelea lenye pande nane, lililochongwa na kupigwa chokaa kwa ufundi ambao hata leo fundi wa Tanga angeuomba picha. Inaelekea jengo lote halikuwahi kumalizika, na halikukaliwa kwa muda mrefu.

Tulikaa kwenye vidato vya birika. Kijana wa Mombasa akatoa sarafu za Kilwa katika daftari, yaani alizozichora: zile za shaba za al-Hasan bin Sulaiman, zenye maandishi ya upande mmoja yanayoleta vina na ya upande wa pili. Moja ya sultani huyu iliokotwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, kule kwenye njia ya dhahabu. Sarafu yenye shairi, inayofika bara kiasi hicho! Nilijaribu kuona kama noti iliyokuwa mfukoni mwangu ina kina chochote.

Baba wa Dodoma alikuwa anafikiria jambo jingine. Kwao maji ni habari nzito. "Hili lilijazwa vipi?" akauliza. Kwa mikono, kutoka kisimani, ndoo baada ya ndoo. Akalizunguka birika lote polepole, akachungulia kona moja moja, akarudi akakaa. "Basi sultani alioga jasho," akasema. Nafikiri hayo ndiyo maneno bora yaliyosemwa na yeyote kati yetu siku ile.

Gereza, ambayo kwa kweli ni ngome, tuliiona wakati wa kurudi. Msingi wake ni wa Wareno, waliouvamia mji mwaka 1505 wakiongozwa na Francisco d'Almeida na kuondoka 1512, na kuta za sasa zaidi ni za Waarabu wa Omani wa karne ya 19. Bahari imekula upande mmoja. Mmomonyoko na kuta zilizokuwa zikianguka ndizo zilizofanya UNESCO, iliyoorodhesha Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, kuyatia magofu haya kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004. Yakatolewa 2014 baada ya ukarabati na kingo za pwani. Kwetu Tongoni tuna makaburi ya nguzo yaliyoanguka moja baada ya jingine, na nilipoona ule ukuta mpya wa mawe unaokinga Gereza nilishikwa na wivu wa kweli.

Kurudi tulipandisha tanga, kusi ikiwa imeshaamka, na tukafika Masoko kabla ya saa saba. Kijana wa Mombasa akabaki gatini kupatana na nahodha juu ya Songo Mnara kesho yake.

Kwa anayetaka kwenda: uliza kwanza maji, ndipo upange saa. Chukua kanga au shuka la kujifunika kijijini, viatu vya kulowa, na pesa ndogondogo za kumlipa mwenye nyumba mwenyewe. Mwambie mwongozaji siku moja kabla kuwa mtakula, kwa sababu mchele hulowekwa usiku. Na mwezi wa Ramadhani kifungua kinywa hicho hakipo. Ngojea Idi ipite.