Siku nne baharini na wenzangu wa kikoba

Kadi ilipita kwenye mashine ikalia ti, na picha niliyopigwa dakika chache kabla ikatokea kwenye kioo mbele ya askari: mimi na kilemba changu cha kijani. Akaiangalia, akaniangalia, akasema karibu. Hapo miguu ikakataa. Mwenyekiti alikuwa nyuma yangu. Akaniwekea mkono mgongoni akasema, "Twende, mdogo wangu. Nipo."

Kikoba chetu kina watu watano, sote tunaishi Houston na sote tunafanya kazi za kuhudumia wagonjwa na wazee. Tunaitana kwa vyeo. Mwenyekiti ni mtu wa Moshi, Mhazini ni Mkamba wa Machakos, Katibu ametoka Kigoma, na Mdogo, ambaye hana cheo, ni wa Tanga. Mimi ni mjumbe. Mhazini ndiye aliyeleta wazo la kupanda meli ya starehe, kutoka Galveston hadi kisiwa cha Cozumel, Meksiko, na kurudi: kuondoka Alhamisi, kurudi Jumatatu. Kila mmoja alichanga dola 80 kwa mwezi, miezi kumi. Galveston kwetu ni mwendo wa saa moja tu kwa gari, hakuna nauli ya ndege.

Anayefikiria safari kama hii aanze na karatasi, nguo baadaye. Mwenyekiti na Mhazini wana pasipoti za Marekani. Mimi na Mdogo tuna grini kadi, na Meksiko humruhusu mkazi wa kudumu wa Marekani kuingia bila viza hata kama pasipoti yake ni ya Tanzania. Ombi la Katibu la ukaazi bado halijajibiwa. Ukitoka nje ya nchi katika hali hiyo bila kibali maalumu, ombi lako linaweza kuhesabiwa kuwa umeliacha, na meli ikishafika Meksiko umeshatoka, hata kama hukuinuka kitandani. Tulilijua hilo tukiwa tumebakiza wiki sita. Tukataka kuahirisha, akakataa katakata. Tukamrudishia pesa zake zote. Siku ya safari ndiye aliyetupeleka bandarini kwa gari lake, akasimama anatupungia mkono mpaka askari akamwambia asogeze gari.

Sasa niseme kwa nini miguu ilikataa.

Nimezaliwa Bukoba. Mei 1996 nilikuwa na miaka tisa. Meli ya MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria asubuhi ya tarehe 21, ikiwa imeshakaribia kufika Mwanza, na ndani yake alikuwemo jirani yetu, mama aliyekuwa akipeleka ndizi Mwanza karibu kila wiki. Alikuwa daraja la tatu. Orodha iliyokuwepo ilikuwa ya watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Mwili wake haukuonekana. Pengine ni mmoja wa wale waliozikwa pale Igoma, Mwanza, pengine alibaki ziwani. Kuna mtu alisema alimwona akishuka Kemondo, bandari ya njiani, na kwa ajili ya neno hilo moja watoto wake walikaa wiki mbili hawajui waweke matanga au waendelee kumsubiri. Mama yangu alikuwa akiwapelekea chakula, na kila akirudi alikuwa anauliza swali lile lile, hamwulizi mtu: inakuwaje mtu apande chombo na asiandikwe?

Tangu hapo sikupanda meli. Nilipokwenda kusoma Mwanza nilizunguka kwa basi kupitia Biharamulo na Geita, na kwenye kivuko cha Busisi nilikuwa nafumba macho mpaka nisikie gari linagusa nchi kavu.

Kwa hiyo kwenye meli hii ya Galveston kitu nilichokiangalia kuliko mabwawa ya kuogelea na taa zote zile ni zoezi la dharura. Kabla ya kuondoka kila abiria lazima aende kwenye kituo chake, kadi yake ipigwe mashine. Sheria hii ilikazwa baada ya meli ya starehe Costa Concordia kugonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012. Walikufa watu 32, na mamia ya abiria waliopanda jioni ile walikuwa bado hawajafanya zoezi lolote. Kituo chetu kilikuwa sitaha ya nne, chini ya boti za rangi ya chungwa. Kijana wa Kiindonesia akatuonyesha jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha, akauliza nani ana swali. Nikanyoosha mkono. Nikamwuliza, mtu mmoja asipokuja?

"Tunamtafuta kwa jina lake," akasema.

Na wakatafuta kweli. Kwa karibu nusu saa kipaza sauti kiliita majina, na namba za vyumba, kisha majina yale yale tena. Watu pembeni yangu walinung'unika kwamba wanacheleweshwa. Mimi ningeweza kusimama pale nikisikiliza mpaka giza. Nilikuwa namfikiria yule mama na mikungu yake.

Usiku wa kwanza hata hivyo sikulala. Chumba chetu hakikuwa na dirisha, chuma kilikuwa kinalia taratibu kama kitanda cha kamba, na Mdogo, aliyekulia karibu na bahari, alikuwa anakoroma. Saa sita Mhazini akaja kugonga, akanifunika shuka mabegani akanipandisha juu. Upepo ulikuwa wa joto. Mbali kule Ghuba ya Meksiko mitambo ya mafuta ilikuwa inawaka taa, hapa moja, kule tatu, sawasawa na karabai za wavuvi wa dagaa zinavyoonekana ziwani usiku usio na mwezi. Hakuniambia nisiogope. Alinisimulia habari za mama yake na shamba lao la maembe mpaka nikaanza kupiga miayo.

Ijumaa ilikuwa siku ya kula. Chakula ni kingi na hakina ladha kali, Mwenyekiti alikuwa na chupa yake ya pilipili mkobani na meza yote iliazima. Mambo mawili ya pesa: weka simu kwenye hali ya ndegeni kabla ya kuondoka bandarini, maana mtandao wa baharini unatoza hela nyingi sana, na bahashishi ya wafanyakazi hukatwa kwenye kadi yako, kwetu ilikuwa karibu dola 16 kwa kila mtu kwa siku. Iwekeni kwenye mchango tangu mwanzo. Wale vijana wanaitolea jasho.

Cozumel maji yake ni ya bluu ambayo Mdogo peke yake hakuishangaa. Yeye alishangaa madafu. Mzee mmoja mjini San Miguel alikuwa anayakata kwa panga kwa mapigo matatu, kama mtu wa Tanga kabisa. Tulipomaliza maji akayapasua, akatoa ule utandu laini, akaukamulia ndimu na kuunyunyizia chumvi na pilipili ya unga. Mdogo alikula matatu amesimama. Kisha akakaa kwenye ukingo wa bahari akalia kidogo, nasi tukakaa naye, hakuna aliyemwuliza.

Jioni tulirudi melini mapema, tukasimama juu kuangalia gati. Majina yakaitwa tena. Watu wawili wakaonekana wanakimbia na mifuko yao, na abiria wote waliokuwa kwenye ukingo wakawapigia makofi. Walipofika, mashine ikalia ti, ti. Ndipo kamba zikafunguliwa.

Usiku ule nililala.

Jumatatu asubuhi Katibu alikuwa anatusubiri na chupa ya chai ya tangawizi. Tukiwa njiani kurudi Houston nikampigia mama Bukoba, kule ilikuwa jioni. Hakuuliza Meksiko ikoje.

"Mmeshuka wote?"

"Wote, mama."

"Nitajie."

Nikamtajia kwa majina yao kamili, mmoja mmoja, na kila aliyetajwa aliitika kutoka kwenye kiti chake. Nilipofika mwisho, Katibu akadakia kutoka kwenye usukani: "Na mimi nipo, mama."