Kohoa Tena, Mama

Julai 2019, upepo wa kipupwe ukisukuma vumbi la Dodoma mpaka koridoni mwa hospitali, alikuja mama mmoja wa Chamwino mwenye watoto saba. Alikuwa mpiga muheme, ile ngoma ya akina mama wa Kigogo inayobanwa katikati ya mapaja, na alikuwa ameiacha mwaka wa nne sasa. "Nikitikisa mabega tu, kanga inalowa," alisema, akitazama ukutani. Majirani walishampa jina: mwenye fistula.

Fistula hakuwa nayo. Mwenye fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, anavuja mkojo usiku na mchana; yeye alilala mkavu, akaloa akikohoa, akicheka au akijitwisha ndoo ya lita 20. Hata hivyo mtu hapelekwi kwenye meza ya upasuaji kwa maelezo matupu. Mkojo ulipimwa kwanza, maana maambukizi nayo huvujisha. Kisha kibofu kikajazwa mililita 300 za maji ya chumvi kwa katheta, ule mpira wa mkojo, kisha katheta ikatolewa. Kohoa, mama. Maji yakaruka papo hapo, yakakatika kikohozi kilipokatika. Hapo pana siri kubwa: yangechelewa sekunde chache kisha yakamiminika, basi shida ingekuwa kibofu kinachojikaza chenyewe, na mgonjwa wa namna hiyo hata umshone vipi atarudi amelowa.

Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga alishafanya miezi mitatu, mara nane kila awamu, awamu tatu kwa siku. Yalimpunguzia, hayakumponya.

Miaka ya nyuma angewekewa neti ya plastiki chini ya mrija wa mkojo. Lakini Uingereza ilikuwa imeisimamisha Julai 2018, baada ya wanawake kulalamikia maumivu na neti kutokeza ukeni. Yeye akatengenezewa mkanda wa mwili wake mwenyewe.

Ganzi ya mgongo, antibiotiki kabla ya kisu, miguu juu kwenye vishikizo. Mkato ulikuwa wa mlalo juu ya mfupa wa kinena, kama ule wa kumtoa mtoto ila mfupi. Chini ya mafuta kuna utando mweupe unaofunika misuli ya tumbo, mgumu kama ngozi ya ngoma. Ukakatwa utepe wa sentimita 8 kwa 2, ukakwanguliwa mafuta, kila ncha ikatiwa uzi usioyeyuka, ukalazwa kwenye bakuli la maji ya chumvi. (Bakuli hilo lipewe mlinzi. Utepe ule unafanana mno na kitu cha kutupa.)

Katheta namba 16 ilikuwa na puto la mililita 10. Ukiivuta taratibu, puto linakaa kwenye shingo ya kibofu na kidole kilichoko ukeni kinalihisi. Hapo ndipo mahali pa mkanda. Ukuta wa mbele wa uke ukafunguliwa, mkasi ukaelekezwa kwenye bega la upande uleule mpaka nyuma ya kinena. Kibofu kikamwagwa kabisa. Koleo refu, la kuzivuta juu nyuzi za mkanda, likashuka kutoka juu likikwaruza mfupa njia nzima, kidole kikilipokea chini.

Kulia likapita salama. Kushoto liliuacha mfupa kidogo tu, na kamera ilipoingizwa kibofuni, ncha yake ilikuwa inang'aa ndani, kama sindano iliyotoboa puto. Hakuna aliyepandisha sauti. Lilitolewa, likapitishwa upya likiubana mfupa, kamera ikarudi, ukuta ukaonekana mzima kasoro kile kitundu. Kitundu cha hapo juu hujiziba. Gharama yake ni mgonjwa kukaa na mpira siku saba badala ya siku moja au mbili. Asiyetazama kwa kamera ataacha mkanda ndani ya kibofu, na huko utazaa mawe na maambukizi yasiyokwisha.

Ndipo mkanda ukavutwa na nyuzi zikafungwa juu ya utando wa tumbo. Vijana wengi huharibu hapa, wakidhani kukaza zaidi ni kuponya zaidi. Mkanda hauuninginizi mrija wa mkojo. Unautandikia, ili kikohozi kinaposukuma kutoka juu mrija ukandamizwe kwenye kitu imara. Vidole viwili vilipita chini ya fundo, na mkasi ukapita kati ya mkanda na mrija bila kulazimisha. Ungekazwa, angekojolea mpira kwa miezi.

Siku ya saba katheta ikatolewa alfajiri. Alikojoa mililita 250, kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha zimebaki 60. Chini ya 100 tunaridhika. Kibofu kilipojaa tena, akasimama juu ya kitambaa cheupe, miguu ameitanua.

"Kohoa, mama."

Akakohoa kwa woga.

"Tena. Kama mwenye mafua."

Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Akainama mwenyewe kukipapasa kitambaa kwa kiganja, kisha akakigeuza upande wa pili.

"Na ngoma?"

Aache ndoo na tendo la ndoa wiki sita, akaambiwa. Ngoma, kwa kuwa inabanwa mapajani, miezi mitatu.

Akahesabu kwa vidole. Agosti, Septemba, Oktoba.

"Kabla ya mvua," akasema.