Usiku wangu wa kwanza peke yangu wodi ya watoto

Kuna ushauri nilipewa siku naripoti kazini, na mpaka leo nikiukumbuka nakasirika. Dada mmoja aliyenitangulia miaka michache aliniambia: "Usiulizeulize mbele ya wagonjwa, watakudharau. Fanya kama unajua, utazoea." Nilimwamini. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ndiyo kwanza nilikuwa nimeishika.

Stashahada nilisoma miaka mitatu na mitihani nilifaulu. Lakini kwenye mazoezi ya wodini tulizunguka kitanda kimoja zaidi ya kumi. Aliyesimama mbele ndiye alichoma sindano, sisi wa nyuma tuliona migongo, na kitabu cha mazoezi tukasainiwa wote. Nani alitegemea nitoke pale nikiwa tayari?

Nikapangiwa hospitali moja ya wilaya mkoani Lindi. Mimi ni mtu wa Masasi, joto halikunisumbua. Nilifika mwezi wa pili, mvua zimechanganya, na mvua zikichanganya huku kusini wodi ya watoto inajaa malaria. Wiki ya tatu nikawekwa zamu ya usiku, mimi na mhudumu mmoja, mama mtu mzima anayekaribia kustaafu.

Saa saba na kitu usiku akaingia mama kwa bodaboda kutoka vijijini upande wa Ruangwa. Mtoto ana kilo 10, degedege limeshamshika mara mbili njiani. Daktari akamwona, akaandika atesuneti ya mshipa, dawa ya malaria kali, akaitwa chumba cha upasuaji. Nikabaki na mtoto asiyeonyesha mshipa hata mmoja. Nikachoma mkono wa kulia, ukavimba. Wa kushoto, hola. Mguuni nikapata damu kidogo, ikapotea. Jasho linanitoka. Mama yake akauliza taratibu, "Sista, mwanangu ana damu kweli?"

Yule mhudumu akanigusa bega. "Mwanangu, pumua kwanza. Halafu nizimie taa." Akaloweka kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akauzungushia mkono wa mtoto na kuuacha uning'inie chini ya godoro kama dakika mbili hivi. Kisha akachukua simu yake, akaivika glovu, akawasha tochi na kuiweka chini ya kiganja. Jamani! Kiganja chote kikawa chekundu kama kandili, na katikati mshipa ukajichora mweusi, umenyooka. Nikaingiza kanula, kile kijimrija kinachoachwa mshipani, geji 24, ile ya njano, damu ikarudi papo hapo. Hakuna aliyewahi kunifundisha hilo darasani. Ila tochi usiiache muda mrefu, simu inapata moto na ngozi ya mtoto ni laini.

Sukari ilikuwa chini, nikampa ya mshipa, hilo nililiweza. Ikabaki dawa ya malaria.

Chini ya kilo 20, atesuneti ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo huyu ni miligramu 30. Hesabu naijua hata usingizini. Tatizo ni maji. Kwa mshipa, kichupa cha miligramu 60 unakiyeyusha kwa ml 1 ya baikaboneti, unaongeza ml 5 za maji ya chumvi, unapata miligramu 10 kwa kila ml. Kwa msuli unaongeza ml 2 tu, inakuwa 20. Mimi nilikuwa nimeongeza ml 2, na bomba tayari linavuta zile ml 3 nilizokariri. Ningempa mara mbili ya dozi yake.

Sikulijua kosa bado, ila kichupa kilikauka upesi mno na moyo ukakataa. Yale maneno ya "watakudharau" yakanijia, mama wa mtoto ananitazama. Nikamwambia, "Mama, nisubiri kidogo, dawa hii nataka nihakikishe na mwenzangu." Nikampigia muuguzi wa wodi ya wazazi. Akauliza swali moja tu: "Umeongeza maji kiasi gani?" Nilipomjibu akasema, "Mwaga, anza upya, nisomee kila hatua." Hakunicheka. Na yule mama, ambaye eti angenidharau, alisema, "Afadhali umeuliza, sista."

Asubuhi nilinunua daftari dogo, elfu moja na kidogo, na saa ya mshale, kama elfu kumi. Kila dawa ya kuchanganya naiandika kwa mkono wangu. Dripu naihesabu: ml 500 kwa saa 4, kwa mpira wa matone 20 kwa ml, ni matone 42 kwa dakika, hesabu ya sekunde 15 iwe kumi au kumi na moja. Na zamu napokelea kitandani, mgonjwa mmoja mmoja, sikubali kukabidhiwa mezani.

Dozi ya pili ilikuwa saa nane mchana. Nilitakiwa niwe nimelala, nikashindwa, nikarudi wodini. Nilimkuta mtoto ameketi, analilia uji.