Kutu ndani ya mtungi wa zamani wa kuzamia: jinsi nilivyoiondoa

Mtungi ni wa chuma, wa Marekani. Begani umegongwa ICC-3AA2250: ICC ni tume ya Marekani iliyosimamia mitungi kabla ya DOT, wizara ya uchukuzi; 3AA ni aina ya mtungi; 2250 ni shinikizo la kujazia kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba).

Nilitoa hewa yote ndipo nikafungua vali. Nikatia kokoto za oksidi ya alumini hadi nusu pamoja na maji kidogo, nikauzungusha ukiwa umelala kwa saa kadhaa. Wengi huharibu kwenye kukausha: mtungi uliosuuzwa ukiachwa na unyevu, kutu ya rangi ya chungwa hurudi upesi sana. Suuza kwa maji moto, geuza shingo chini, puliza hewa kavu yenye joto papo hapo.

Tochi ilionyesha madoa tu, bila vishimo. Ukapelekwa kupimwa uimara kwa shinikizo la maji la psi 3750, kabla ya kujazwa.