Siku moja na antena inayohama masafa

Saa 11:30 alfajiri, Kimara

Kompyuta imekesha inapiga mahesabu ya antena ninayoibuni, mimi nimelala. Naangalia mstari umezama wapi kwenye mchoro wa nguvu inayorudishwa na antena kwa kila masafa ya redio. Ukishuka chini ya desibeli hasi 10, ujue antena imepokea angalau asilimia 90 ya nguvu iliyopelekewa. Umezama megahezi 520, vizuri kabisa. Lakini kwenye kompyuta kila antena ni nzuri.

Saa 1:00 asubuhi, Mwendokasi

Nimesimama, bodi ya shaba ya antena yangu imechungulia nje ya begi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho ni cha kunasia televisheni?"

Hajakosea sana. Mwaka 1999 Joseph Mitola na Gerald Maguire waliandika kuhusu redio tambuzi: redio inayosikiliza kwanza, ikikuta masafa hayana mtu inayatumia, mwenyewe akirudi inahama. Huku kwetu mahali pa kujaribia ni bendi ya televisheni, megahezi 470 hadi 694. Analojia ilizimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na dijitali hubeba vituo kadhaa ndani ya chaneli moja, yaani kipande kimoja cha masafa, kwa hiyo nafasi zinapatikana. Tabu ni kwamba redio ikihama, antena nayo lazima ihame. Mkono wa antena huwa kama robo ya urefu wa wimbi: la megahezi 470 ni sentimita 16 hivi; la 690 ni kama 11. Huwezi kubeba antena kwa kila chaneli.

Haya yote sikumwambia mama. Nilimwambia ndiyo, ya televisheni.

Saa 3:00, maabara, Kijitonyama

Mkono wa antena nimeukata katikati nikaweka diodi za PIN, swichi ndogo za umeme. Ukizipa mkondo wa miliampia 10 hivi zinapitisha mawimbi na mkono unarefuka. Ukizima, unabaki mfupi. Maelezo yanaishia hapo kwenye makala nyingi, na kwangu kazi ndipo inapoanzia. Umeme wa kuwashia diodi unapita kwenye waya, na waya uliogusa antena umeshakuwa antena. Nikiusogeza kwa kidole, mstari kwenye mashine ya kupimia unahama nao.

Asubuhi yote imeishia hapo. Nimelehemu indakta, koili inayopitisha umeme wa kuwashia lakini inazuia mawimbi, karibu kabisa na mkono wa antena ili mawimbi yasitoroke, nikaulaza waya ukate mkono kwa pembe mraba. Indakta nayo ina ujanja wake: juu ya masafa fulani inaanza kujifanya kapasita na kuyapitisha mawimbi. Kwa hiyo kubwa zaidi si bora zaidi. Nimeweka ndogo, nikagusa waya tena. Mstari umetulia.

Saa 7:00

Wali maharage kwa mama ntilie. Dagaa wameisha, kama kawaida ya anayechelewa.

Saa 8:30, Kariakoo

Diodi za PIN zinaruka hatua kwa hatua, nami nataka kuteleza katikati ya hatua. Hiyo ni kazi ya varakta, diodi inayobadili ukapasita wake, yaani uwezo wa kushika chaji, kwa volti unazoipa. Tyuna za televisheni za zamani, kile kiboksi cha bati cha kutafutia stesheni, zimejaa varakta za bendi hii hii. Volti za kutafutia stesheni zilikuwa zinafika kama 30.

"Fundi, una tyuna mbovu za chogo?"

"Mbovu? Watu wanataka nzima, wewe unataka mbovu!"

Ananiachia mbili kwa bei ya soda. Kwa antena ya kuuzwa nisingetumia kifaa cha kuokoteza kisicho na jedwali la vipimo. Kwa kujaribu wazo, kinatosha sana.

Saa 11:30 jioni, maabara

Naongeza volti taratibu, mstari unapanda kutoka 490 kuelekea 600 bila kuruka. Mdogo wangu wa chuo, wa mwaka wa nne, anapiga makofi. Namwambia asubiri. Mchoro unasema nguvu haikurudi; hausemi imeenda wapi. Diodi ina ukinzani wake, bodi ya FR4, ile ya kawaida ya saketi, nayo inakula, na kipande kilichounguza nguvu yote kuwa joto kitatoa mchoro safi vilevile. Kujua kama inarusha, lazima tuiweke mbali na antena tunayoijua, mahali pa wazi, tulinganishe.

Nimeshuka getini kuomba funguo za paa. Mlinzi anataka barua yenye muhuri. Kesho naanza na muhuri.