Kukata tiketi moja vipande viwili: nauli za treni Uingereza

Asubuhi ya siku ya kazi, London Paddington kwenda Bristol. Tovuti inakuuzia tiketi moja, Anytime (ya saa yoyote), kwa bei ya saa za msongamano. Aliyekaa siti ya pembeni yako ana tiketi mbili, Paddington–Didcot Parkway na Didcot Parkway–Bristol, na huenda amelipa pungufu sana. Treni ni hiyohiyo, hajashuka wala hajahama siti.

Hakuna ujanja wa kuvunja sheria hapo. Nauli za reli Uingereza hazipigwi kwa maili. Kila jozi ya stesheni ina nauli yake, na tangu reli ibinafsishwe miaka ya 1990 jozi hizo zimepangiwa bei na mashirika tofauti. Hakuna aliyekaa akahakikisha kwamba A–B ukijumlisha na B–C inalingana na A–C. Masharti ya usafiri ya National Rail, kifungu cha 14, yanakuruhusu waziwazi kuunganisha tiketi mbili au zaidi kwenye safari moja, ila kwa sharti moja: treni unayopanda lazima isimame pale tiketi moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Isimame tu, wewe huna haja ya kushuka.

Sharti hilo ndilo linalowaponza watu. Baadhi ya treni za Bristol zinatoka Reading moja kwa moja hadi Swindon, Didcot zinapita bila kusimama. Ukipanda hiyo na tiketi zako mbili za Didcot, mbele ya mkaguzi huna tiketi halali. Faini ya kawaida England ni pauni 100 pamoja na nauli ya safari, na inashuka hadi pauni 50 ukiilipa ndani ya siku 21. Akiba yote ya mwaka inaweza kuishia hapo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua orodha ya vituo vya treni yako, ya saa ile ile utakayoondoka, sio ya treni iliyotangulia. Wenye tiketi za msimu au pasi za eneo, kwa mfano Travelcard ya London ya zoni 1 hadi 6, wao wamesamehewa sharti hili: treni inaweza kupita mpaka wa zoni bila kusimama, mradi tiketi ya pili ianzie hapo pasi inapokomea. Tiketi inayoanzia mpakani, Boundary Zone 6, ni shida kuipata mtandaoni. Nenda dirishani ukaiulize kwa jina hilo.

Sasa, ukate wapi? Usijaribu kila kituo, utakesha. Tafuta sehemu ambapo kitu kinabadilika.

Cha kwanza ni saa. Tiketi ya Off-Peak, yaani ya nje ya saa za msongamano, mara nyingi husomwa kwa saa treni inapoondoka pale tiketi inapoanzia. Treni inaweza kutoka Paddington ikiwa bado ni saa za msongamano, lakini inafika Didcot kama dakika 40 baadaye, na kipande cha pili kinaweza kuwa kimeshaingia saa za nafuu. Kila tiketi ya Off-Peak ina alama fupi ya masharti, herufi au tarakimu mbili. Isome alama ya kila kipande peke yake, kwa sababu masharti ya London hayalazimiki kufanana na ya Didcot.

Cha pili ni aina ya tiketi. Safari fupi huwa na tiketi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, Day Return, ambayo mara nyingi inazidi kidogo tu bei ya kwenda peke yake. Safari ndefu nyingi hazina. Zina ile ya kurudi ndani ya mwezi, na ni ghali. Birmingham–Bristol kukatia Cheltenham Spa ni mfano wa siku nyingi: Day Return mbili fupi badala ya tiketi moja ndefu. Ukilala Bristol, lakini, za kurudia zimekufa.

Cha tatu ni kadi ya punguzo. Network Railcard inakata theluthi moja ya nauli, ila kusini-mashariki mwa England tu, na siku za kazi haitumiki kabla ya saa nne asubuhi. Ukikatia kituo kilicho ndani ya eneo lake, kipande hicho kinapata punguzo ambalo tiketi nzima isingepata. Hesabu vizuri lakini: kadi ya vijana wa miaka 16–25 ina kiwango cha chini cha nauli, pauni 12 kwa kila tiketi isiyo ya Advance (ile ya kununua mapema kwa treni maalumu), siku za kazi kati ya 04:30 na 10:00, isipokuwa Julai na Agosti. Vipande viwili ni viwango viwili. Hapo kukata kunaweza kukutia hasara.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Chagua treni, andika bei ya tiketi nzima, kisha tafuta bei ya kipande cha kwanza na cha pili kwa treni hiyohiyo. Tovuti ya BR Fares inakuonyesha nauli zote za jozi yoyote bila kukuuzia kitu. Programu zinazokukatia vipande zenyewe zipo, ila baadhi yake hutoza ada au hula sehemu ya akiba, kwa hiyo linganisha bei ya mwisho, sio ile kubwa inayong'aa juu.

Vipande vya Advance mara nyingi vinakuja na siti kwa kila kipande. Usipochagua mwenyewe utajikuta unahama behewa Didcot na begi lako. Ukibadilisha treni, acha muda rasmi wa kuunganisha (dakika 5 stesheni nyingi, 15 Euston). Ukiuheshimu, ya kwanza ikichelewa unaruhusiwa kupanda inayofuata, na fidia ya ucheleweshaji inahesabiwa kwa safari nzima, vipande vyote kwa jumla. Kufuta safari ni kesi nyingine: Advance hairudishwi pesa, na zile zinazorudishwa zinaweza kukatwa ada kila moja peke yake.

Ukichukua tiketi za karatasi kwenye mashine, jiandae. Watu wawili, vipande vitatu, kwenda na kurudi, ni kadi 12 za rangi ya chungwa, bado hujahesabu vikaratasi vya siti na risiti. Zipange kwa mfuatano kabla ya kupanda. Geti la kuingilia linataka ya kwanza, la kutokea linataka ya mwisho. Ukikosea, linagoma na foleni nyuma yako inaanza kuguna. Na geti la mwisho huimeza tiketi iliyomaliza kazi. Kama treni imechelewa, zipige picha zote kabla ya kulifikia, maana bila tiketi fidia utaidai kwa maneno matupu.